Hapa Pana Picha

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza kazi leo. Ni ya kujitolea, ya likizo tu, lakini nimevaa viatu vya shule na nimevipiga rangi. Chumba kiko nyuma ya maktaba, ukishapita rafu za magazeti ya zamani. Meza mbili, kompyuta tatu, feni moja inayozunguka ikijisikia. Humu vitabu vya karatasi hugeuzwa kuwa faili, na wasioona huzisikiliza kwenye kompyuta zao. Kompyuta husoma kwa sauti ya mwanamume aliyeziba pua. Wenyeji wa chumba wanamwita Bwana Mafua.

Mkuu wa chumba ni Bi Mkutubi. Mrefu, mpole, hapayuki. Msaidizi wake ni msichana wa rika langu kutoka shule nyingine. Wanamwita Nukta kwa sababu hajawahi kusahau nukta. Alinipa mkono kama mtu anayenikabidhi risiti.

Sikuja kujitolea tu. Nina mpango.

Dada yangu aliugua mwaka juzi akapoteza macho. Kabla ya hapo alikuwa wa kwanza darasani kwa jiografia. Tarehe 23 kuna mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, na ameshakubaliwa kuufanya. Kilichobaki ni kitabu. Mama humsomea kile cha karatasi jioni, lakini akifika penye mchoro husema "hapa pana picha," akafunua ukurasa. Dada huuliza, picha ya nini? Mama hujibu, picha tu. Juzi Dada alisema afadhali auache mtihani wenyewe, maana jiografia bila michoro ni umbea juu ya dunia.

Kitabu hicho kiko humu chumbani kikisubiri zamu. Bi Mkutubi amesema atakayeandaa kijitabu kimoja vizuri ndiye atakayepewa jiografia. Mimi nimepata kijitabu cha usafi wa meno. Nukta amepata cha kunawa mikono. Vita vimeanza. Yeye hajui.

Jumanne, 5 Agosti

Nilifanya kazi nzuri mno. Kila sura niliipa kichwa kikubwa, chekundu, kilichokolezwa na kupigiwa mstari. Mwanzoni mwa kila aya niliweka ua dogo. Asubuhi nzima niliimaliza kwa kuchagua sura ya herufi. Nukta alichungulia akauliza maua ni ya nani. Nikamjibu ni ya msomaji. Akaguna.

Bi Mkutubi akaja, akazima kiwambo cha kompyuta. Giza. Akaniomba nimpeleke sura ya tatu. Nikashika kipanya. Akanikumbusha kwamba msomaji wetu hana haja ya kipanya. Ana kibodi, na kwenye kibodi kuna kitufe cha kumrusha kutoka kichwa hadi kichwa. Nikakibonyeza. Bwana Mafua akasema hakuna vichwa.

Ikabidi tusikilize tangu mwanzo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba Bwana Mafua akiona ua husema "ua." Wala hasemi kwa sauti ya bustani. "Ua. Watoto wadogo kabla ya kulala." "Ua. Mama na baba pia, mara mbili kwa siku." Nukta akasema kumbe si kijitabu cha meno, ni amri ya jeshi.

Bi Mkutubi alinieleza kwa upole, na upole ndio uliouma. Wekundu ni wa macho. Kompyuta haijui kwamba maneno fulani ni kichwa mpaka mtu ayawekee alama ya kichwa. Bila alama hiyo, kitabu changu hakina kichwa wala miguu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata dawa. Kama kosa langu ni kukosa vichwa, basi nitoe vichwa. Nimeweka alama ya kichwa kwenye sura, kwenye aya, kwenye nambari za kurasa na kwenye jina la mchapishaji. Asije mtu akaniambia tena kuhusu vichwa.

Bi Mkutubi akabonyeza kitufe. "Kichwa, ngazi ya kwanza: Jino ni nini. Kichwa, ngazi ya kwanza: Jino ni sehemu ngumu ya mwili. Kichwa, ngazi ya kwanza: Ukurasa wa pili." Akabonyeza tena na tena, kama mtu anayepanda ngazi za jumba lisilo na paa. Nukta akasema ameshasikia habari za joka la vichwa saba, lakini lile angalau lilikuwa na kiasi.

Kuanzia leo naitwa Vichwa. Hata mfagiaji ameniita Vichwa akiniomba niinue miguu.

Kijitabu cha kunawa mikono kimepita. Jiografia amepewa Nukta. Nilimpongeza. Nilitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ijumaa, 8 Agosti

Mfa maji haachi kutapatapa. Niliwahi kufika, nikakaa karibu na Nukta, nikasubiri ateleze. Nukta hatelezi kwenye vichwa. Sura, vifungu, vijifungu, kila kimoja na ngazi yake, kama watoto waliopangwa kwa urefu. Nilianza kukata tamaa. Kisha akafika kwenye picha ya kwanza. Kila picha lazima iandikiwe maelezo, ili Bwana Mafua awe na cha kusoma anapoifikia. Nukta akaandika: "Mlima." Na nukta.

Nikamuuliza kwa sauti, ili Bi Mkutubi asikie, je, mlima ule unafanya nini. Nukta akasema mlima haufanyi kitu, ni mlima. Bi Mkutubi akaja, akatazama, akamuuliza Nukta msomaji atajibu swali gani la mtihani kwa neno hilo moja. Nukta akasema, kwa haki kabisa, kwamba yeye hakusema uongo.

Uamuzi: Nukta aendelee na vichwa, Vichwa aende kwenye picha. Mimi ndiye Vichwa. Nilitoka nje kidogo nikaruka mara moja nyuma ya tangi la maji.

Bi Mkutubi alinipa kanuni ya kazi. Sema kilichopo. Sema kinachohitajika. Kisha nyamaza. Mbili za kwanza nimezishika vizuri sana.

Jumatatu, 11 Agosti

Mlima wangu wa kwanza niliuandika ukurasa mzima. Ulisimama kama bibi harusi aliyecheleweshwa, umejitanda mawingu begani, moyo mzito. Bi Mkutubi alisoma mpaka mwisho, jambo ambalo lilihitaji moyo. Akauliza mvua inanyesha upande gani. Sikuwa nimeandika. Mchoro wenyewe, kumbe, ulikuwa wa mvua.

Nikarudia: "Mlima uliokatwa katikati. Kushoto kuna bahari. Mshale wa upepo unatoka baharini na kupanda mlima. Upande huo kuna mawingu, mvua na msitu. Upande wa kulia mshale unashuka. Hakuna mvua, ardhi ni kavu." Nukta akasoma begani kwangu, akasema inaeleweka. Kwa Nukta hiyo ni ngoma na vigelegele.

Nilipofika nyumbani nikamsomea Dada maneno hayo kwa kichwa. Alikuwa kitandani. Akakusanya shuka kwa mikono miwili akatengeneza mlima, akapandisha kidole upande mmoja polepole, akafika juu, akauliza, mvua inaishia hapa? Nikamwambia hapo hapo. Akashusha kidole upande wa pili, akasema basi ndiyo maana huku kukavu.

Mama alikuwa mlangoni na sufuria. Aligeuka akarudi nayo jikoni.

Jumanne, 12 Agosti

Asubuhi Dada amesema haendi. Kitabu kitakuja, sawa, lakini nani atampitisha kwenye korido za watu? Atakosea mlango, watu wamtazame, asijue wanamtazama wakiwa wapi. Nikamwambia hatakosea. Akasema, we mtoto, nenda kachezee vichwa vyako.

Hapo nikaona tatizo lilipo. Neno likitoka kinywani mwangu ni la mtoto. Likitoka kwa Bwana Mafua ni la kitabu. Dada humbishia Mama, humbishia daktari, lakini sijawahi kumsikia akikibishia kitabu cha jiografia.

Na nani mwingine anayesikia maelezo ya picha? Anayeona hayaoni, yamejificha nyuma ya picha. Anayasikia asiyeona tu. Na asiyeona anayesubiri kitabu hiki ni mmoja, na najua anapolala.

Mpango mzuri kuliko wote niliowahi kupanga. Nimeshangaa mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti

Kitabu kimekamilika. Bi Mkutubi alikagua picha za sura mbili za mwanzo, ambazo niliziandika kabla sijapata akili, akaridhika. Alisema nimekua. Nukta alikagua vichwa vyote. Faili imetoka.

Nanakili hapa maelezo machache ninayojivunia.

"Mchoro wa mto. Chanzo kiko mlimani, juu kushoto. Mto unapinda mara tatu na kuingia baharini, chini kulia. Dada, hata mto huu haukuonyeshwa njia, na umefika."

"Ramani ya mikanda ya mvua. Mkanda wa katikati ndio wenye mvua nyingi. Dada, usilie tena bafuni. Hata ukifungulia maji tunakusikia."

"Matabaka ya miamba. La chini kabisa ndilo kongwe. Dada, Mama amekununulia viatu vya siku ya mtihani. Jifanye hujui."

Jumamosi, 16 Agosti

Dada ameshinda na kitabu tangu asubuhi, spika masikioni. Anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kama zamani alivyokuwa akifunua kurasa kwa kidole gumba. Saa ya chakula nilimsikia akicheka peke yake. Kisha akaniita.

Aliuliza nani mwingine anayesikia maneno yale. Nikamwambia yeye peke yake. Akauliza kama nina hakika. Nikaapa. Akanishika sikio, akalivuta, lakini kwa mapenzi, halafu akaniambia nitoke anasoma.

Jioni Mama alimletea viatu. Dada alishangaa vizuri sana. Mtu asiyejua angeamini.

Jumatatu, 18 Agosti

Maji yamezidi unga.

Nilipofika maktaba simu ya Bi Mkutubi ilikuwa inaita. Akakata, ikaita tena. Kumbe mtihani ule Dada hafanyi peke yake. Kuna watahiniwa wengine wasioona, wa mitaa mbalimbali, na wote wamejiandikisha hapa, na faili ikitoka hutumwa kwa wote. Sikuuliza. Hakuna aliyeniambia niulize.

Mwanamume mmoja mwenye sauti nzito, fundi redio, alipiga kujua kama Dada ameacha kulia. Mama mmoja alipiga kuuliza viatu ni vya kisigino au bapa, maana alisikia ukumbi una sakafu ya kuteleza. Mwingine alitaka tu kusema kwamba kwenye picha ya volkano Dada ameambiwa apige mswaki, na yeye pia alikwenda kupiga mswaki, ila angependa kujua volkano ilikuwa inafanya nini.

Bi Mkutubi alifungulia spika za chumba, akanikalisha, tukasikiliza picha zote. Zote. Bwana Mafua hakuruka hata moja. Nilikuwa nikitazama feni. Nilitarajia Nukta acheke, lakini hakucheka. Mwishoni alisema tu kwamba kwenye picha ya maporomoko nimesahau nukta.

Bi Mkutubi aliniuliza jambo moja. Je, Dada aliniruhusu kuyasema hayo?

Jioni nilimwambia Dada mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine. Alivua spika masikioni, akakunja waya taratibu, akanipa mkononi. Akasema kulia bafuni ilikuwa mali yake. Kisha akasema mtihani haendi, na safari hii hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki.

Jumanne, 19 Agosti

Mama ameniambia ulimi hauna mfupa, lakini wangu umeota miguu.

Nimetoa maneno yote. Picha zote sasa zina kilichopo na kinachohitajika, kisha kimya. Nukta alibaki kunisaidia bila kuombwa. Tulifanya kazi mpaka akaniuliza, akiwa anatazama kiwambo, kama Dada anaenda. Nikamwambia haendi. Nukta akasema hilo ni kosa ambalo halina kitufe cha kulifuta.

Adhabu yangu: nimpigie simu kila mtahiniwa niombe radhi, kisha nimtumie faili mpya. Nilijikaza kisabuni. Lakini wote, nikimaliza kuomba radhi, waliuliza swali moja. Atakuja?

Nikasema atakuja.

Sijui kwa nini. Mtu wa kwanza nilimwambia kwa haraka, wa pili kwa mazoea, na kufikia wa tatu nilikuwa naamini. Fundi redio akasema vizuri, maana mikanda ya mvua imemshinda na anatafuta mtu wa kumweleza. Nikampa nambari ya simu ya nyumbani.

Alhamisi, 21 Agosti

Dada hajaniongelesha tangu Jumatatu. Akitaka kitu changu anamwambia Mama amwambie yule.

Jioni simu ikaita. Mama akapokea, akasikiliza, akasema kuna mwanamume anamtaka Dada kuhusu mvua. Dada akauliza mwanamume gani. Mama akasema mwanamume tu. Nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa na ndala.

Dada alipokea kwa sauti ya baridi. Ndiyo. Hapana. Ndiyo, ndiye mimi. Halafu akasema, hapana, kaka, umekosea, jua likiwa juu kabisa hewa inapanda, haishuki. Akaeleza. Akaeleza tena. Akawa anachora hewani kwa mkono wa kulia, mikanda, mishale, kila kitu, na mtu wa upande wa pili haoni na yeye mwenyewe haoni, na mimi pale nikauona. Ulikuwa mchoro sahihi.

Alipokata simu alikaa. Kisha akamuuliza Mama viatu viko wapi.

Mimi hajaniambia neno. Lakini aliponipita kuelekea chumbani alinipiga kikofi cha kisogoni, na hakukosea kisogo.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimempeleka Dada. Alinishika kiwiko. Njia nzima nilimwambia kilichopo na kinachohitajika: ngazi, mlango, zulia limejikunja. Mara nyingine zote nilinyamaza. Ilikuwa kazi ngumu.

Kwenye korido ya ukumbi watahiniwa walikuwa wamekaa kwenye benchi, fimbo zao zimeegemea ukuta. Dada alishikwa na woga, nilisikia kwenye vidole vyake. Alitaka tusimame mbali. Nikamwambia hapa panafaa, hakuna mtu. Uongo mdogo. Benchi ilikuwa hatua moja.

Sauti nzito ikauliza, samahani, huyo anayenong'ona na mtoto, si ndiye Dada? Benchi nzima ikageuka. Dada! Mtu mwenye umri wa baba yetu akamwita Dada. Dada alitaka kurudi nyuma, mimi nilikuwa nimeziba njia. Kisha yule mama wa viatu akasema kwamba naye hulia bafuni, ila kwao maji yamekatwa, kwa hiyo mtaa mzima hupewa taarifa.

Dada akacheka. Si kile kicheko cha peke yake. Kile cha zamani, kinachomfanya ashike mbavu. Akauliza kuna nafasi, wakasogea, akakaa katikati yao na fundi redio akaanza kumwuliza mambo ya upepo. Msimamizi alipoita waliingia pamoja, kila mmoja ameshika bega la mwenzake. Dada alikuwa wa tatu. Hakugeuka kuniaga. Sikumlaumu, walikuwa wanaongea.

Alipotoka alisema mtihani ulikuwa mrefu na kiti kilikuwa kibovu. Njiani akaniapisha. Nisimtie tena kitabuni, nisimwandikie neno ndani ya maelezo ya picha yoyote, ya kitabu chochote, maadamu yu hai. Nikaapa kwa moyo wote. Nililia kidogo.

Jumamosi, 27 Septemba

Dada amefaulu. Mama alisoma barua mara mbili, Dada akamwomba aisome tena. Fundi redio amefaulu pia. Wanaondoka Jumatatu ijayo. Chuo ni cha bweni.

Shule imefunguliwa, mimi huja maktaba Jumamosi tu. Leo Bi Mkutubi amenipa kazi: kijitabu cha maelekezo ya chuo, kwa ajili ya Dada na wenzake. Alisema amenichagulia makusudi, kwa kuwa hakina picha hata moja. Alisema hivyo akinitazama usoni. Nukta akakohoa.

Vichwa nimeviweka vyote, kila kimoja kwenye ngazi yake. Nukta amekagua, hakupata kosa, akakagua tena. Nilipaswa kufurahi.

Lakini nimekisoma kijitabu. Shuka mbili. Ndoo moja. Taa huzimwa mapema. Hakuna mahali kinaposema mtu afanye nini akiamka usiku akakuta kitanda cha pembeni si cha mdogo wake. Hakuna mahali kinapomwambia kwamba nyumbani watakuwa wanasubiri simu kila Jumapili, na kwamba kuna mtu ambaye hatagusa upande wake wa kabati.

Nimeapa kutomwandikia ndani ya maelezo ya picha yoyote, na kiapo ni kiapo. Ila nilipofikiri sana nikaona kwamba niliapa juu ya picha zilizokuwepo siku ile.

Nimeongeza moja. Ndogo tu, ya lango, ukurasa wa mwisho, haimsumbui mtu. Na picha ikishakuwepo haiwezi kuachwa bila maelezo. Hilo Bi Mkutubi mwenyewe ndiye aliyenifundisha.